Idara ya Kupokea kwa Niaba

Kulikuwa na nchi, na kama wewe ni mwepesi wa kuhisi, tafadhali usihisi. Si nchi yako. Si ya jirani yako pia, hata kama jirani yako anastahili. Ni nchi ya kutungwa tu, na atakayejiona humo ajue ni macho yake yana matatizo.

Nchi hiyo ilijaliwa Kiongozi anayependa kuonekana. Wapo waliosema anapenda kupita kiasi, lakini hao ni wachochezi. Yeye mwenyewe alikwishaeleza kwamba hapendi hata kidogo, ila watu wanamlazimisha, na ndiyo maana akatunga sheria ya kuwalazimisha watu wamlazimishe. Kwa sheria hiyo, kila mwenye simu ya kisasa alitakiwa kuweka humo programu iitwayo Tuko Naye. Ukiifungua unamwona Kiongozi moja kwa moja, muda wote: anasaini, anakula papai, anajikuna mgongo kwa rula, anasinzia. Chini ya picha yake kulikuwa na idadi ya watazamaji, na idadi hiyo haikutakiwa kushuka. Iliposhuka siku moja, Kiongozi aliacha papai lake, akaitazama kamera na kuuliza, "Nani ametoka?" Nchi nzima ikanyamaza kama darasa ambalo mwalimu amenusa moshi wa sigara.

Basi data zikawa zinawashwa na hazizimwi. Mwenye kuzima alihesabiwa kuwa ametoroka nchi bila kusafiri, kosa ambalo adhabu yake ni kusafirishwa, tena bila kuambiwa unapelekwa wapi.

Tatizo lilikuwa dogo sana. Mitambo ya nchi ilikuwa mikuukuu, na njia ya hewani ilikuwa moja, nyembamba. Data zikipita, simu haipiti. Anayekupigia anaambiwa hupatikani, na wewe uko hapo hapo, simu kiganjani, unamtazama mtu anakula papai. Ujumbe mfupi nao haukuingia. Ulikwama huko huko juu, wala hakuna aliyejua unaishia wapi. Wagonjwa walipiga kwa waganga, waganga hawapatikani. Zimamoto walijua kwamba gulio linaungua kwa sababu moshi uliwaingia ofisini.

Watu wakanung'unika, na Waziri wa Mawasiliano, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Ngwali Mtondoo, akatokea kuwajibu.

"Ndugu wananchi," alisema, na kila alipotaja wananchi alifumba macho kwa uchungu. "Wapo wanaodai simu haziingii. Mimi ni mtu wa sayansi. Sikukurupuka. Nimekaa ofisini kwangu wiki nzima, simu mezani, nikisubiri malalamiko. Hakuna hata mtu mmoja aliyenipigia. Hata mmoja! Sasa hayo malalamiko yako wapi?"

Watu wakapiga makofi. Makofi nayo yalikuwa yanahesabiwa.

Sasa katika nchi hiyo alikuwapo Kibwana, mshona magodoro ya sufi wa mtaa wa Kwa Mzinga. Kibwana hakuwa na ugomvi na serikali. Ugomvi wake ulikuwa na ulimi wake mwenyewe.

Siku ya harusi yake, mama yake, Bi Mwanakombo, alisema mbele ya kadamnasi kwamba bibi harusi, Mashavu, ana mikono ya mtu asiyejua sufuria inaoshwaje. Yalikuwa maneno ya kuudhi, tena ya uongo, maana Mashavu anaosha sufuria mpaka zinatoboka. Lakini Kibwana, badala ya kumeza mate kama walivyomeza mababa zake, alisimama na joho lake la harusi akasema, "Kuanzia leo, mimi sina mama."

Lahaula! Pilau lilipoa kwenye masinia. Bi Mwanakombo alikunja kanga yake, akavuka mto mkubwa, akaenda kuishi kwa mdogo wake wa kike mji wa Mwambani, na hakurudi tena.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kibwana alikuwa amejikwaa, na kidonda hakikupona. Kila godoro aliloshona lilivimba upande mmoja. Mashavu akawa hashiki mimba. Lakini hayo yote angeyavumilia, mwanamume huvumilia. Ambalo hakuliweza ni kwamba alimkumbuka mama yake. Alikumbuka anavyokohoa kabla ya kucheka. Alikuwa akikaa juu ya marobota ya sufi, sindano mkononi, anashindwa kutunga uzi kwa sababu ya machozi, na wateja wakidhani ni vumbi.

Katika nchi ile radhi ina adabu zake. Mwana aliyekosa hamvamii mzazi. Hutuma mjomba, mara moja tu, apeleke maneno ya toba, kisha hungoja. Moyo wa mzazi ukitulia, mzazi ndiye humwita mwana, na radhi hutoka kinywani kwenda sikioni bila mtu wa katikati. Ukimtafuta wewe kabla hujaitwa, umemharakisha, na kumharakisha mzazi ni kosa la pili juu ya la kwanza. Zamani mwana alikwenda kupiga magoti. Siku hizi masheikh wamekubali hata simu, kwa kuwa mto ni mpana na magoti ni yale yale mawili, alimradi iwe sauti na isiwe maandishi.

Kibwana akamtuma Mjomba Hamadi. Mjomba alikwenda, akarudi na uso mzito.

"Amesikia," alisema Mjomba. "Nimemkuta hospitali ya Mwambani, kifua kinambana. Amesema moyo wake unakaribia kutulia. Usiende, usimpigie. Yeye mwenyewe atakupigia. Amesema, kaa na simu yako."

"Kaa na simu yangu!" Kibwana akashika kichwa. "Mjomba, simu yenyewe haiingii kitu! Kwani wewe unaishi nchi gani?"

"Mimi nimetumwa maneno, sikutumwa mtandao," alisema Mjomba Hamadi, akaomba maji ya kunywa.

Bi Mwanakombo yeye alikuwa na simu ya kitochi, yenye vitufe, na vitochi havikuhusika na sheria kwa kuwa Kiongozi hakuenea ndani yake. Kwa hiyo aliweza kupiga atakapo. Shida ilikuwa kwa mpigiwa.

Kibwana akaenda kwa mjumbe wa mtaa, Bi Chausiku, mama mnene mwenye huruma na cheo, vitu viwili ambavyo vilikuwa vinamgombania kila siku.

"Shikamoo, Bi Chausiku."

"Marahaba, mwanangu. Umewasha?"

"Nimewasha."

"Anafanya nini?"

Kibwana akatazama simu. "Anakata kucha."

"Za mkono au za mguu?"

"Za mguu."

"Haya, karibu ndani." Ndivyo watu walivyokuwa wakisalimiana.

Kibwana akaeleza yote, kuanzia sufuria mpaka kifua. Bi Chausiku akatoa machozi ya kweli, akayafuta kwa ncha ya mtandio.

"Sasa naomba ruhusa nizime data, Bi mkubwa. Jioni tu. Mama hupenda kuongea jioni."

"Mwanangu, ingekuwa ya kwangu ningekupa. Lakini kuzima ameruhusiwa marehemu peke yake, na hata yeye mpaka aripoti."

"Basi nitafute kitochi kama cha mama."

"Kitochi ni cha wasioona tena vizuri. Mpaka daktari athibitishe kwamba ukimtazama Kiongozi humwoni."

"Mimi nikimtazama simwoni kabisa!"

"Shii!" Bi Chausiku akafunga dirisha. "Mdomo huo ndio uliokuponza kwa mama yako. Hebu tulia. Nasikia Serikali imekisikia kilio."

"Imekisikiaje, na simu haziingii?"

Bi Chausiku akampa kipande cha muhogo wa kuchoma, na Kibwana akala njiani huku akimtazama Kiongozi akihamia mguu wa pili.

Kumbe kweli, Serikali ilikuwa imesikia. Haikupita muda, Waziri Ngwali Mtondoo akakata utepe mbele ya jengo jipya la vioo, lenye minara mingi juu yake.

"Ndugu wananchi!" Akafumba macho. "Wataalamu wetu wamegundua kwamba tatizo la simu si simu. Ni mpokeaji! Mwananchi yuko kazini, anamtazama Kiongozi wake, anajenga taifa. Kwa nini tumbughudhi? Kuanzia leo, simu yoyote itakayoshindwa kukufikia itapokelewa na Serikali yako. Itapokelewa kwa niaba yako! Kwa jina lako! Kwa nafsi yako! Atakayekupigia atakukuta, hata kama hupo. Nani, nauliza, katika dunia nzima, amewahi kufikiria jambo hili?"

Hakuna. Waziri alisema kweli, hakuna aliyewahi. Idara ya Kupokea kwa Niaba ikaajiri waliokuwa waigizaji wa redio, washereheshaji wa harusi na watu wowote wenye sauti za kuaminika. Kanuni yao ya kwanza ilikuwa hii: mpokeaji akiulizwa, "Ni wewe?" ajibu, "Ni mimi."

Mwanzo palikuwa na misukosuko. Mzee mmoja aligutuka shemeji yake amekuja kuchukua ng'ombe. "Si uliniahidi mwenyewe kwa simu?" akaambiwa, na ng'ombe akaenda. Lakini kwa jumla nchi ilifurahi. Wapigaji walikuwa wanapokelewa, tena kwa upole ambao ndugu zao halisi hawakuwahi kuwa nao. Wengine walianza kuwapenda ndugu zao upya.

Kibwana, nisiseme uongo, naye alipata nafuu moyoni. Alijisemea kwamba mama akipiga, huyo mpokeaji atamwambia tu avute subira, kisha ujumbe utaletwa nyumbani, naye atapata kisingizio halali cha kwenda Mwambani. Mtu mzima, fundi wa magodoro, akaiamini serikali kiasi hicho! Mashavu alimtazama, akatikisa kichwa. "Mume wangu," alisema, "wewe una moyo mweupe mpaka unanitisha."

Asubuhi moja, pembeni ya picha ya Kiongozi aliyekuwa anapiga mswaki, ukatokea ujumbe katika kundi la familia, maana makundi hupita kwa data. Ulitoka kwa Asumini, binti wa mama mdogo wa Mwambani.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mama mkubwa Mwanakombo ametutoka alfajiri ya leo. Lakini tumshukuru Mungu. Jana jioni alizungumza na kaka Kibwana kwa simu, akampa radhi zake zote. Nesi alimsikia. Kaka, umewahi."

Salamu zikaanza kumiminika. Pole kaka. Umewahi kaka. Wangapi wanaipata hiyo bahati? Radhi ni bora kuliko mali.

Kibwana akasoma, akarudia.

"Mashavu."

"Abee."

"Jana jioni mimi nilizungumza na mtu kwa simu?"

"Jana jioni? Ulikuwa umekaa hapo hapo. Si tulimtazama akipigiwa pasi koti?"

"Basi mama amezungumza na nani?"

Mashavu akaichukua simu, akasoma. Akaketi chini, taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja kitu. Kibwana akaanza kuandika kwenye kundi kwamba si yeye, kwamba hakupigiwa, kwamba hajasikia hata kikohozi cha mama yake. Akafuta. Angewaambia nini? Kwamba marehemu amedanganywa kitandani? Mama mdogo angekufa naye. Akaandika, "Amina," akaituma, akalia kwa sauti mpaka majirani wakaja.

Akavuka mto, akamzika. Pale makaburini watu walimkumbatia na kumwonea wivu. Mwana mwenye radhi, wakamwita. Yeye akawa anaitikia tu, shingo imeinama, udongo kwenye kucha.

Kutoka matangani hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye jengo la vioo.

Ukumbi ulijaa watu waliokuja kuuliza walisema nini. Mbele yake alisimama msichana mmoja anauma kucha.

"Samahani," msichana alimwambia karani, "naomba kujua kama nimeposwa."

"Umeposwa. Na umekubali."

"Na nani?"

"Dirisha la pili."

Zamu ya Kibwana ilipofika, alitaja jina lake na la mama yake. Akaelekezwa kwa Afisa Tindwa, bwana mwembamba mwenye shingo ndefu, ambaye kwa miaka mingi aliigiza redioni sauti za watoto watiifu. Tindwa aliposikia jina, uso ukamchanua.

"Bi Mwanakombo! Wa hospitali ya Mwambani! Kumbe wewe ndiye mwenyewe? Kaa, ndugu yangu, kaa. Mama mzuri sana yule. Nilikuwa mwanawe muda mfupi tu, lakini wallahi nilifaidi."

"Amefariki," alisema Kibwana.

Tindwa akashika kifua. "Mama yetu," alisema, na machozi yakamlengalenga. Hakuwa anaigiza.

"Naomba kusikia sauti yake. Mlirekodi?"

"Ndugu yangu, hii ni idara inayoheshimu faragha. Sisi hatusikilizi mazungumzo ya watu. Tunayazungumza tu."

"Basi niambie alisema nini."

"Aliuliza, 'Kibwana, ni wewe?' Nikasema, 'Ni mimi, mama.' Akakohoa kidogo, akacheka. Halafu akalia, nami nikalia, kulia kunaruhusiwa. Kisha akanipa radhi. Sijawahi kusikia radhi kama ile! Akanipa ya tumbo lililonibeba, ya maziwa niliyonyonya, ya usiku aliokesha nikiwa na surua. Akaniombea riziki na watoto. Nisikufiche, tangu siku ile mambo yangu yamenyooka. Nilikuwa na jipu la mwaka mzima, limepasuka lenyewe. Nimepandishwa cheo. Mke wangu ana mimba, na tulikuwa tumekata tamaa."

"Hizo ni zangu," alisema Kibwana. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Zilikuwa zinakuja kwako, sikatai. Lakini desturi yetu unaijua. Ni kinywa na sikio. Kinywa kilikuwa chake." Tindwa akagusa sikio lake, akaona haya. "Sikio ndilo hili."

"Nirudishie."

"Ningependa. Mimi si mwizi, ndugu yangu, mimi ni mtumishi wa umma." Akainuka, akazunguka meza, akamwekea Kibwana mkono kichwani, pale mbele za watu, na kwa sauti ya upole akasema, "Nakupa radhi ya tumbo, na ya maziwa." Akangoja. "Unasikia chochote?"

Kibwana alifumba macho, akajitahidi kweli kweli. "Sisikii kitu."

"Nilijua," alisema Tindwa kwa huzuni, akarudi kitini. Akapanga kalamu zake, akazipangua. "Kuna jambo moja lilibaki. Sijui kama nikwambie."

"Niambie."

"Alipomaliza kunipa, naye akaniomba. Alisema, 'Mwanangu, nami nilikukosea. Mikono ya mkeo haina kasoro. Nilikuona unaondoka, nikaona wivu, nikasema lililonijia. Je, umenisamehe?'"

Kibwana akashika ukingo wa meza. "Ukamjibu nini?"

"Hapo kanuni zilinibana. Tangu yale mambo ya ng'ombe wa yule mzee, tumekatazwa kutoa chochote cha mwananchi. Kupokea, ruhusa. Kutoa, marufuku. Na msamaha ni wako, ungetoka kwako. Nikamwambia, 'Mama, hilo nitakujibu.' Akasema, 'Haya, baba. Nangoja.'"

"Halafu simu ikakatika."

"Haikukatika." Tindwa hakumtazama. "Ilikuwa saa yangu ya kutoka kazini. Sikutaka kumkatia, si adabu kumkatia mzazi. Niliiacha wazi juu ya meza. Nikivaa koti nilimsikia akimwambia nesi, 'Usiichukue hii simu. Mwanangu anakuja kunijibu.'"

"Nani aliishika baada yako?"

"Zamu ya usiku bado haijazinduliwa, ndugu yangu. Anasubiriwa Waziri."

Kibwana alifungua mdomo. Neno la kumjibu mama lilikuwa tayari, lilikuwa fupi, na hakuona wa kumwambia. Nyuma yake mtu akakohoa.

"Ndugu, kama umeshahudumiwa, tupishe."

Kibwana akapisha.